Bakapu Unayo. Je, Itafunguka?

Kila mtu akwambia weka bakapu. Fundi wa simu pale Kongowea akwambia, binamu wa IT akwambia, hata mama sai ajua neno bakapu. Ushauri mzuri. Lakini mimi naona tumepewa nusu ya maneno. Swali la maana si kama unayo bakapu. Swali ni hili: siku ukiihitaji, itafunguka?

Chukua dada yeyote wa Kisauni auzae madera na viatu kwa WhatsApp. Hana duka, hana daftari. Nani amelipa, nani adaiwa, mteja avaa saizi gani, yote yamo kwenye chati. Kwenye Android, maandishi ya chati zote hizo hukaa ndani ya faili moja ya databesi, aina ya SQLite. Faili hiyo moja ndiyo duka lake.

Na ili bakapu ya faili hiyo ifunguke, lazima vitu vitatu vikubaliane: sanduku, kufuli na mpangilio wa vitu ndani.

Sanduku ndilo SQLite yenyewe, na hapo hakuna shida sana. Muundo wake wa sasa umedumu tangu 2004, na waliouunda wameahidi kuutunza mpaka 2050. Ni timu ndogo tu, na kazi yao waitoa bure.

Kufuli ndilo hubadilika. Bakapu za WhatsApp zimepitia crypt12, crypt14, kisha crypt15. Programu iliyotengenezwa kabla ya kufuli jipya haijui kulifungua.

Halafu mpangilio. Kwenye Android, databesi ya programu huwa na namba ya toleo. Toleo jipya likikuta faili ya zamani, laweza kuipandisha, mradi aliyeitengeneza programu aliandika njia ya kuipandisha. Lakini toleo la zamani likikuta faili yenye namba kubwa kuliko yake, kawaida ya Android ni kukataa. Mjukuu aweza kufunzwa maneno ya babu. Babu hawezi kujua misemo ambayo haijazaliwa.

Ndiyo maana ile tabia yetu ya kuokoa bando, kurushiwa APK ya zamani na beshte badala ya kupakua mpya, yaweza kukula. Na nyinyi wa GBWhatsApp, mwajua WhatsApp haizitambui programu hizo na akaunti yaweza kufungiwa. Hakuna aliyewaahidi kuwa chati zenu zitarudi.

Kuna wale watasema, "Mimi kila kitu kiko klaudi." Haya. Bakapu ya Android iliyo Google Drive haifunguki kwenye iPhone. Tangu 2022 kuna njia rasmi ya kuhamisha chati kutoka Android kwenda iPhone, lakini yahitaji simu zote mbili ziwe hai. Ikiwa ya zamani imedondoka baharini ukiwa kwenye feri ya Likoni, njia hiyo haikusaidii kitu.

Na si simu tu. Microsoft Access 2013 iliacha kufungua faili za Access 97. Ofisi iliyokuwa na rekodi zake humo ilibaki na faili nzima kabisa, haijaharibika hata kidogo, na isiyosomeka kwenye programu mpya.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 38, yakupa haki ya kupata data yako ya kibinafsi katika muundo unaotumika sana na unaosomeka na mashine. Safi. Lakini hesabu ya viatu vilivyobaki stoo si data ya kibinafsi. Hiyo wajitetea mwenyewe.

Kwa hivyo kama unafungua biashara Changamwe na kijana akuletea programu ya mauzo, usimuulize bei peke yake. Muulize: naweza kutoa rekodi zangu zote kwa CSV, mimi mwenyewe, bila kukupigia simu? Akianza kuzunguka, mwambie asante, mlango ule pale. Ukilipa kila mwezi halafu huwezi kuondoka na vitabu vyako, wewe ni mateka.

Kwa WhatsApp, chati za wateja wakubwa zihamishe moja moja kama maandishi ya kawaida. Hiyo faili ya txt itafunguka kwenye simu yoyote, hata kompyuta mbovu ya saiba. Majina na madeni yaandike kwenye jedwali, uhifadhi nakala ya CSV. Kisha fanya kile karibu hakuna afanyae: azima simu nyingine, ufungue nakala hizo huko. Zikikataa leo, bado una simu yako mkononi na una muda wa kutafuta njia nyingine.

Mtumie hii yule beshte wako ambaye biashara yake yote iko kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Unamjua.