Uzuri wa Mkakasi

Nilipopita Asembo Bay, kwenye Ghuba ya Winam, nilimkuta kijana wa kwetu Pwani kasimama mbele ya mashua, kambeba mbuta begani, anapigwa picha ya simu ya kumpelekea mamake Malindi. Mashua si yake, wavu si wake, na samaki ni wa tajiri aliyemkopesha. Nikamwuliza mbona haendi nyumbani. Akanijibu: "Mzee, mwaka wa pili sasa. Nitaingiaje mikono mitupu?"

Simcheki. Katika miaka ya 1960 wazee wetu walikwenda studio ya Parekh, Mombasa, wakajipanga kama nyota wa sinema. Lakini walipotoka mlangoni, mtaa mzima ulijua hali zao. Picha ya kijana huyu imekwenda nyumbani badala yake.

Wanavyuoni hutuonya juu ya riya, nasi tukadhani aibu ni ya mwenye kujionyesha peke yake. Je, sisi tunaomtazama? Mtu akirudi safari, twatazama mzigo kwanza, ndipo salamu. Ndio sisi tunaomgeuza mkakasi; na uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Ndugu zangu, mtoto akija mikono mitupu, tumpokee kwa mikono miwili.