"Save" moja, maana tele: msikisingizie Kiswahili

Jamani, nimechoka kusikia eti Kiswahili kina upungufu wa maneno ya kompyuta. Na wanaolalamika zaidi ni sisi sisi waandishi wa programu! Haya, tuchukue neno "save" tu, tuone mwenye upungufu ni nani.

Hapa Watamu sehemu ya bahari yetu ni hifadhi tangu 1968. Kasa akinaswa wavuni ukamtoa, umemwokoa. Mvuvi akitenga kidogo kwenye mauzo ya samaki, ameweka akiba. Mwenzako akitaka kiti kwenye matatu, anakwambia umwekee. Namba ya simu tunaisevu. Mwingereza, kwa yote hayo, ana "save" moja.

Ubaya huanza kwenye tafsiri. Gettext, chombo kinachotumiwa na programu nyingi huria, huchukua neno la Kiingereza lenyewe kuwa ufunguo. Ukiandika "Save" mahali kumi, mfasiri hupewa nafasi moja ya kujaza. Anaandika "Hifadhi", anakwenda zake. Skrini haioni. Hajui kitufe ni cha barua au cha pesa.

Kwa barua, si neno. Lakini fikiria programu ya chama cha akina mama: kitufe kimoja kinatunza maelezo ya mwanachama, kingine kinapeleka fedha kwenye akaunti ya akiba, na vyote viwili vimeandikwa "Hifadhi". Mweka hazina abonyeze kipi? Akikosea akadhani pesa zimeingia, siku ya kugawana patachimbika. Lawama ataibeba yeye, mwandishi wa programu hata hajulikani anakaa wapi.

Na dawa ipo tangu 2006! Toleo 0.15 la gettext lilileta msgctxt, mstari mmoja tu wa kutenganisha "Save" ya barua na "Save" ya pesa. Kutouandika ni uvivu.

Wapo watakaosema tuandike "Sevu" kila mahali yaishe. Kwa namba ya simu, sawa. Kwa pesa, bado hujamwambia mtu zinakwenda wapi. Safaricom walipotaka jina la mkopo wa salio hawakutafsiri kitu, walisema Okoa Jahazi, na linaeleweka Pwani hadi bara (ile ada ya asilimia 10 ni ugomvi mwingine).

Basi ndugu yangu, kabla hujamtumia mfasiri faili lako, zipitie hizo "Save" moja moja, uandike kila moja inafanya nini.