UCHANGANUZI: Uholanzi yajifunza kwa gharama kuwa kuhifadhi nyika ni rahisi kuliko kuirejesha

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Uholanzi, taifa linalosifika duniani kwa kilimo, sasa linaujenga ukuta huo kwa gharama kubwa huku likijaribu kugeuza mashamba ya zamani kuwa nyika.

Nyika zenyewe, ambazo Waholanzi huziita heide, ni maeneo ya kichanga yenye vichaka vifupi vya maua ya zambarau. Kwa karne nyingi wanavijiji walilisha kondoo humo na kukata tabaka la juu la udongo, wakalichanganya na samadi ili kurutubisha mashamba yao. Nyika ikabaki bila rutuba, na upungufu huo ndio uliokuwa uhai wake.

Mbolea ya viwandani ilipoenea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, nyika zilionekana kuwa ardhi iliyolala bure, zikalimwa. Kati ya mamia ya maelfu ya hekta zilizokuwapo, zimesalia takriban 40,000 pekee.

Kuzirejesha si suala la kuacha kulima tu. Fosforasi iliyorundikana udongoni hudumu kwa miongo mingi, na penye rutuba nyasi ndefu huvisonga vichaka. Ndiyo maana kati ya 2011 na 2013, katika hifadhi ya Dwingelderveld, tingatinga ziliondoa udongo wa juu kwenye mashamba ya zamani ya Noordenveld.

Hata hivyo, dawa hiyo ina madhara yake. Udongo unapoondolewa, huenda na mbegu pamoja na viumbe wadogo wanaoisaidia mimea kukua. Katika jaribio lililoanza 2006 huko Reijerscamp, wanasayansi walitandaza juu ya ardhi iliyochimbuliwa tabaka jembamba la udongo, lisilofika sentimita moja, kutoka maeneo ambayo hayajaharibiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalidhihirisha kwamba palipowekwa udongo wa nyika palielekea kuota mimea ya nyika, na palipowekwa udongo wa malisho, mimea ya malisho.

Lakini kizingiti kikubwa zaidi ni siasa. Amonia inayotoka kwenye samadi ya mifugo hupaa hewani, kisha huiangukia nyika na kuirutubisha upya. Mnamo Mei 2019, mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilibatilisha mpango wa serikali wa kutoa vibali kwa kutegemea ahadi za kupunguza naitrojeni siku zijazo. Oktoba mwaka huo, wakulima walimiminika The Hague kwa matrekta. Machi 2023, chama kinachowatetea, BBB, kikawa cha kwanza katika uchaguzi wa mikoa.

Malalamiko ya wakulima hayafai kupuuzwa. Kwa vizazi viwili serikali iliwahimiza wazalishe zaidi. Sasa wanatakiwa wapunguze ng'ombe au wauze mashamba. Anayeubeba mzigo wa kurekebisha si yule aliyeitunga sera.

Kenya ina sababu ya kulifuatilia suala hili. Malisho ya nyanda za juu za Kinangop, makao ya ndege Macronyx sharpei asiyepatikana nje ya Kenya, yamekuwa yakilimwa kipande baada ya kipande ili kupanda viazi na mboga. Malisho hayo yako mikononi mwa watu binafsi, na mzazi mwenye karo ya kulipa hawezi kuambiwa aache nyasi zimee kwa ajili ya ndege bila kupewa chochote.

Aidha, lengo la serikali la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 linahitaji tahadhari. Si kila ardhi isiyo na miti ni jangwa linalongoja miche. Kuyajaza miti malisho ya asili ni kuyaangamiza kama kuyalima.

Kumlipa mkulima wa Kinangop leo ili asiling'oe jani lake kutagharimu kidogo. Wajukuu wetu wakilazimika kuleta tingatinga kuutafuta mchanga uliofunikwa na mbolea, bei itakuwa nyingine kabisa.