Ruzuku ya mbolea imfuate mkulima

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Serikali ilipoteremsha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 kutoka takriban Sh6,500 hadi Sh3,500 mwaka wa 2022, kisha Sh2,500 mwaka wa 2023, ilitenda jambo la busara. Hata hivyo, naona kwamba bei hiyo ni nusu tu ya hesabu.

Mwalimu, waulize wanafunzi wako: mkulima wa Seme au Nyakach akisafiri hadi ghalani, akalipa nauli yake na ya mfuko, akapoteza siku nzima kwenye foleni, mbolea hiyo imemgharimu shilingi ngapi? Nayo masika ya Machi hayamsubiri mtu. Mwaka wa 2024 mbolea bandia iligunduliwa ndani ya mpango huo huo wa ruzuku, na serikali ikaahidi fidia. Lakini fidia hairudishi msimu uliokwisha kupita.

Rai yangu ni kwamba mbolea ikaguliwe mapema na ifikishwe katika kila kata kabla ya mvua kunyesha. Ruzuku isiyomfikia mkulima kwa wakati humfaidi nani?