Bahari ipimwe kila mwezi, na hadi chini

Anayechota maji ya juu ya bahari mara moja kwa mwaka na kutoa hukumu juu ya uhai wake anahukumu kesi baada ya kumsikiliza shahidi mmoja. Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka katika Bahari ya Sargasso, karibu na Bermuda. Tangu 1988 watafiti wamekuwa wakienda huko karibu kila mwezi kuchota maji kutoka juu hadi vilindini. Katika bahari hiyohiyo ndimo lilimotambuliwa, mwaka 1990, kundi la bakteria liitwalo SAR11, ambalo sasa linajulikana kuwa miongoni mwa viumbe walio wengi kuliko wote baharini. Wakati wa kiangazi jua hupasha joto maji ya juu yakawa mepesi, yakaelea juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo. Virutubisho huadimika, na sehemu ya kaboni iliyoyeyuka, inayotokana na vijimea vya baharini, hulundikana bila kuliwa. Majira ya baridi yakifika, maji huchanganyika hadi kina cha mita 200 hivi na kaboni hiyo hushuka gizani, ambako bakteria wa aina nyingine huongezeka kwa kuitumia. Hata ndani ya SAR11 kuna matawi yanayostawi juu wakati wa kiangazi na mengine yanayoongezeka chini baada ya maji kuchanganyika. Mtafiti aliyechota maji ya juu tu mwezi Agosti angekiona chakula kilicholundikana, lakini asingewajua walaji wake.

Somo hilo linatuhusu moja kwa moja, ingawa kalenda ya Bermuda si yetu. Katika pwani ya Afrika Mashariki majira huendeshwa na pepo. Kusi huvuma kwa nguvu, hupoza maji na kuyachanganya hadi chini zaidi. Wakati wa kaskazi maji ya juu hupata joto na kujitenga na ya chini. Ndiyo maana matokeo ya Sargasso hayawezi kunakiliwa hapa. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) iliyopo Mombasa wanastahili kuwezeshwa kuwa na kituo cha pamoja kwenye maji marefu, kwa mfano kati ya Pemba na bara, ambako kina hufika mamia ya mita. Maji yachotwe kila mwezi, katika vina vilevile, kwa miaka isiyopungua kumi.

Wapo watakaosema kuwa mvuvi anahitaji barafu, mashine na soko kabla ya hesabu ya bakteria. Hoja hiyo ni nzito, kwa kuwa mahitaji hayo ni ya leo. Lakini bakteria ndio wanaoozesha mabaki na kurudisha virutubisho vinavyolisha vijimea, na juu ya vijimea hivyo hujengwa mlo wa dagaa na vibua. Anayepanga uvuvi bila kuujua msingi huo anabahatisha. Wengine watasema satelaiti zinatosha. Kweli, kila siku zinatuonyesha joto na rangi ya eneo kubwa la bahari, lakini haziwezi kuona kinachotendeka mita 200 chini. Kuhusu gharama, kazi inaweza kuanza na boti moja, chupa za kuchotea maji katika vina vinne, na jokofu la kuhifadhi sampuli hadi fedha za kuchunguza vinasaba vya bakteria zipatikane.

Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu wa bajeti. Miradi ya wafadhili ya miaka miwili au mitatu huisha kabla ya majira kujirudia vya kutosha, na bahari inayozidi kupata joto inaelekea kujitenga kwa matabaka imara zaidi. Badiliko hilo tutalitambua tu tukiwa na kumbukumbu za hali ya sasa, na fedha za mwaka ujao haziwezi kununua maji ya mwaka huu. Kwa hiyo serikali zetu ziuweke upimaji huu katika matumizi ya kudumu, kama zilivyofanya kwa vituo vya hali ya hewa.