TAARIFA YA TAWI: KUNDI HILI SI SOKO LA UPATU

Ndugu wanachama,

Linki za "kuwekeza" kwa simu zimerushwa humu, na aliyezirusha ni kiongozi wetu wa shina. Tumezifuta, na yeye tumemwita.

Tusijifanye wageni. Mwaka 2009 DECI ilipozuiwa, watu walikuwa wameshapanda "mbegu" wanasubiri kuvuna. Waliotangulia walilipwa, ndiyo, kwa pesa za waliofuata. Leo ni ileile, imehamia kwenye programu: unaweka hela, unabonyeza video ukiambiwa ndiyo kazi, unasukumwa ulete wenzako. Siku ya kutoa hela unadaiwa kwanza "kodi". Kodi gani hiyo inatumwa kwenye namba ya mtu binafsi?

Anayesema "mbona mimi nimetoa" hasemi uongo. Ametoa ya jirani yake.

Pesa za kikoba cha akina mama wa tawi zisiguswe kwa jambo hili. Mweka hazina ameshaambiwa.

Aliyekwisha kutuma asijifiche, aibu si yake. Aje ofisi ya tawi na ujumbe wa muamala, twende naye polisi. Tupo hadi saa 12 jioni.

Kamati ya Utendaji ya Tawi