Elfu 28 kwa Kamera Isiyojua Uso Uko Wapi

Watu wangu wa Garsen, wiki mbili sasa inboksi yangu ina swali moja tu: "Kamera umenunua ama bado?" Bado. Na kwa vile kila mtu ana ushauri wake, wacha na mimi niseme wangu.

Kamera yenyewe ni ya mkono wa pili, iko Malindi, bei elfu 28 pamoja na lenzi mbili: ile ndogo ya kuvuta, na fifti, yaani 50mm f/1.8. Mwili wake safi, betri mbili, chaja, mkoba. Jina la modeli naliacha kwa sababu muuzaji ni mtu mzuri na hakunificha kitu. Aliniambia hata kabla sijauliza, "Kaka, fokasi yake wakati mwingine inasumbua." Nikaenda mtandaoni nikakuta hayuko peke yake. Modeli hiyo ina watu wanaoilalamikia tangu itoke, na ina wengine wanaoapa kwamba ya kwao haijawahi kukosea hata siku moja.

Hapo ndipo wengi wenu mnasema wanaolalamika hawajui kutumia. Mimi sikubali. Mwaka 2007 Canon walitoa EOS-1D Mark III, kamera ya wapiga picha wa michezo, karibu dola 4,500 bila lenzi. Waliolalamika walikuwa watu wa kazi, si wanafunzi: walisema haishiki vitu vinavyokimbia, hasa kwenye jua kali na joto. Mwishowe Canon wenyewe walikubali kwamba kuna shida kwenye kioo kidogo cha ndani, wakaanza kuzirekebisha. Mwaka 2012 ikatoka Nikon D800, megapikseli 36, na malalamiko yakaanza kuhusu pointi za fokasi za upande wa kushoto. Kwa hivyo kosa hili lipo kweli, na si la kamera za bei rahisi peke yake. (Jua kali na joto, jamani. Hebu fikirieni Garsen mwezi wa pili.)

Shida inatokea hivi. Kamera hizi za vioo zina sehemu mbili ambazo mwanga unafika. Unapochungulia kwenye kidirisha, mwanga mwingi unapanda juu kwenye jicho lako, na mwingine unapita hadi kwenye kioo kidogo cha nyuma kinachoutupa chini, kwa kifaa cha kupima fokasi. Lakini picha yenyewe haipigwi hapo chini. Inapigwa kwenye sensa, mahali pengine kabisa. Zile njia mbili zikitofautiana hata kidogo sana, kamera itakulilia "bip", itakuonyesha alama kwamba imeshika uso, halafu picha inatoka kali nyuma ya uso ama mbele yake. Kamera inakudanganya na yenyewe haijui. Hizi mpya zisizo na kioo zinapima fokasi kwenye sensa yenyewe, ndiyo maana hazina ugonjwa huu. Bei zake pia mnazijua.

Sasa kuna mtu atakutumia picha alizopiga na kamera hiyohiyo na zote ni safi. Angalia zimepigwa saa ngapi. Mchana wa huku mwanga si tatizo, kwa hivyo tundu la lenzi linafungwa hadi f/8, na mtu akisimama mita tatu kutoka kwako una zaidi ya mita nzima iliyo kali. Kosa la sentimita kadhaa linazama humo, hutaliona kamwe. Njoo usiku sasa. Harusi, taa mbili za jenereta, ngoma imepamba moto, umefungua fifti hadi f/1.8 kwa sababu huna namna. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa bibi harusi, sehemu iliyo kali ni kama sentimita sita tu. Hapo ndipo kamera inakuvua nguo mbele ya watu.

Na msiniambie nitarekebisha kwa programu. Programu inaweza kunoa picha iliyolegea kidogo. Macho ambayo hayakuingia kwenye picha haiwezi kuyarudisha.

Naongea hivi kwa sababu yamenikuta. Miaka miwili iliyopita niliazima kamera ya rafiki, ya aina hii hii ya vioo, nikaenda nayo Ngao kujifunza. Nikampiga nyanya wa jirani zetu ameegemea mwembe wake, picha ishirini na tatu. Alijipanga mwenyewe, akabadilisha leso, akaniuliza kama meno yanaonekana. Kwenye kile kioo cha nyuma cha kamera picha zote zilikuwa tamu. Nikamrushia mjukuu wake mbili tatu kwa WhatsApp, tukafurahi, mambo yakaisha.

Mwaka jana nyanya akafariki. Mjukuu akanipigia: "Kaka, zile picha za nyanya bado unazo? Tunataka moja kubwa ya kuweka mbele ya jeneza." Nikazifungua kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza nikiwa na nia ya kuzikuza. Gome la mwembe nyuma ya sikio lake ungeweza kuhesabu nyufa zake. Kulikuwa na sungusungu wawili wanapanda, miguu yao unaiona. Uso wa nyanya ulikuwa kama umefunikwa na mvuke wa chai. Zote ishirini na tatu. Nikamtumia hivyo hivyo, nikijidanganya kwamba labda ni macho yangu. Baada ya saa moja akajibu, "Hakuna nyingine?" Walikuza ile picha ya kitambulisho.

Kwa hivyo nilipokwenda Malindi safari hii nilibeba stendi, gazeti na rula ya shule. Nikalaza gazeti kwa mshazari juu ya meza ya muuzaji, rula kando yake, fifti kwenye f/1.8, mita moja na nusu. Nikapiga kumi kwa kuchungulia kwenye kidirisha, kila mara naivuruga fokasi kwanza ili kamera itafute upya. Halafu kumi kwa kutazama skrini ya nyuma, kwa sababu ukitumia skrini kamera inapima kwenye sensa yenyewe na vioo havihusiki. Muuzaji akawa ananicheka. Wateja wake wengine wanapiga picha ya dari wanalipa.

Za skrini: kumi kwa kumi, kali kabisa. Lenzi nzima, sensa nzima. Za kidirisha: zote kumi zimekwenda nyuma, karibu sentimita nane, mahali palepale.

Hiyo kwangu ilikuwa habari njema nusu. Kama zingetawanyika, moja mbele, nyingine nyuma, nyingine sawa, ningebeba rula yangu nikaondoka bila kuuliza bei ya mwisho. Kosa linalorudi mahali pamoja unaweza kulipangia. Kamera nyingi za ngazi ya kati na ya juu zina sehemu kwenye menyu ya kusahihisha fokasi kwa kila lenzi. Unavuta alama kadhaa mbele, kazi imeisha. Nikaitafuta menyu yote. Hii yetu ni ya ngazi ya chini, haina.

Inabaki fundi. Na hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unaniacha barabarani, kwa sababu wanaoandika "peleka tu ikapimwe" wanaishi mtaa mmoja na fundi. Mimi wa kazi hiyo ninayemwamini yuko Nairobi. Kutoka Garsen ni kuipakia kwenye basi kama kifurushi, kuomba isirushwe na wabeba mizigo, kulipa fundi, kusubiri, kuipakia tena kurudi. Ikirudi bado mbovu, narudia. Kasoro ambayo kwa mtu wa mjini ni asubuhi moja, kwangu ni mwezi mzima bila kamera. Ongeza gharama hiyo juu ya elfu 28 halafu uniambie ni rahisi.

Kutumia skrini tu je? Inawezekana, lakini kwa kamera ya umri huu fokasi ya skrini ni ya polepole, lenzi inakwenda mbele inarudi nyuma kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Betri inaisha mbio. Na juani huoni kitu mpaka ujifunike leso kichwani kama wapiga picha wa zamani. Kwa mtu anayecheza ngoma, sahau. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, kitambaa cheupe nyuma yake, f/8, inafaa sana.

Na hiyo ni kazi ambayo Garsen ipo. Picha za pasipoti, fomu za basari, vitambulisho vya shule. Kazi isiyokimbia, na ikiharibika unamwambia mteja akae tena, unapiga upya. Ndiyo maana sikusema kamera ni mbaya. Nilimwambia muuzaji kwamba kwa harusi na wazee siichukui hata kwa elfu kumi, lakini kwa pasipoti nitatoa elfu 15. Akaguna, akasema kuna mtu wa Watamu anakuja na elfu 25 taslimu. Nikamtakia heri, nikapanda matatu na pesa zangu mfukoni. Kusema ukweli njia nzima roho ilikuwa inauma.

Jana usiku amenipigia. Mtu wa Watamu hakutokea. Tumekubaliana elfu 17, naenda Jumamosi, na rula naibeba tena, kwa sababu wiki mbili ni nyingi.

Harusi ya Tarasaa ya mwezi wa kumi na mbili nimewaambia mapema kwamba nitaipiga na simu. Bibi harusi amekubali. Shangazi yake ndiye bado ananuna, anasema hata watoto wa jirani wana simu.